Vua Soksi Tuone

Jioni moja ya Aprili, mvua imetoka tu kunyesha, mzee anayelinda geti letu hapa Loresho, Nairobi, aliacha slipa yake moja katikati ya tope akaendelea na safari. Alipiga hatua kama kumi na mbili hivi, mguu mmoja una slipa, mwingine mtupu. Mtoto wa jirani ndiye aliyemwita: "Guka, kiatu chako kimebaki!" Mzee akainama, akautazama mguu uliopakaa udongo mwekundu kama anayetazama mguu wa mtu mwingine, akacheka. Nasi tukacheka. Wiki tatu baadaye alipimwa sukari ya damu, mashine ikasoma 19.

Mtaa huu una miguu ya aina mbili. Ipo inayotoka Kangemi na Kibagare alfajiri, ndani ya gambuti au raba za mitumba, kuja kufua, kupalilia bustani na kulinda mageti. Ipo pia inayotoka nyumbani ndani ya viatu vya ngozi, ikaingia garini, ikapanda lifti, ikarudi usiku. Mifuko ya wenye miguu hiyo iko mbali kama mbingu na ardhi, lakini miguu yenyewe ina jambo moja la kufanana: hakuna anayeitazama. Uso tunautazama kwenye kioo mara kumi kwa siku. Miguu tunaivisha soksi na kuisahau.

Wafugaji wametushinda. Kule Upper Kabete, si mbali na hapa, Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari wa mifugo, na mfugaji mzoefu atakwambia kwamba ng'ombe akishindiliwa nafaka kupita kiasi, tumbo huchachuka na ubaya wake hujitokeza kwatoni. Ng'ombe akichechemea asubuhi, daktari anapigiwa simu kabla ya saa sita. Sisi tunachechemea toka Pasaka mpaka Krismasi tukisingizia viatu.

Haya basi, vua soksi.

1. Tenga dakika tano za Jumamosi

Kaa penye taa nzuri. Toa rangi ya kucha. Sababu utaiona mbele. Tazama juu ya mguu, kisha katikati ya vidole, kisha kisigino. Unyayo una taabu yake, hasa tumbo likiwa limetangulia mbele, kwa hiyo weka kioo sakafuni au piga picha kwa simu. Linganisha mguu wa kulia na wa kushoto: ukitofautiana na mwenzake kwa rangi, joto au unene, kuna jambo. Joto lipime kwa mgongo wa mkono. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, lakini joto halijifichi.

Mwenye kisukari asingoje Jumamosi, afanye hivi kila siku. Mwenye macho hafifu amwite mjukuu. Watoto huona vizuri, na hawana adabu ya kunyamaza.

2. Ganzi isiitwe uzee

Neva zinazohudumia vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote mwilini: zinaanzia kiunoni na kusafiri karibu mita moja kabla ya kufika. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, huharibu neva hizo pamoja na vijishipa vinavyozilisha, na ncha ya mbali ndiyo huumia kwanza. Huanza kwa sindanosindano, au moto nyayoni usiku mpaka shuka lenyewe linakera, au hisia ya kuvaa soksi ilhali hujavaa. Kisha ganzi hupanda taratibu miguu yote miwili. Wapo wasioumwa hata kidogo. Hisia huwatoka kimyakimya, na hao ndio wa kuhofiwa zaidi. Slipa ikichomoka mguuni na usijue, umeshafika hapo.

Kuna jaribio la nyumbani lisilo na gharama, lililobuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza. Lala, funga macho, mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi wa unyoya, sekunde moja au mbili tu. Anagusa ncha ya kidole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho, kwenye miguu yote miwili. Asisukume, asitekenye, asirudie. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Ukikosa viwili au zaidi kati ya sita, nenda ukapimwe. Kliniki wanatumia uzi wa nailoni unaojipinda ukibeba gramu 10, lakini swali ni lile lile. Mzee wetu alikosa vitano. Alikuwa akisema "bado" wakati mkono ulishaondoka.

Utafiti wa kitaifa wa STEPS uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata siku moja. Kwa wengi wetu, basi, mguu utaijua sukari kabla ya mashine. Kipimo chenyewe ni tone la damu. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula chochote na namba ikawa 7.0 au zaidi, utaambiwa urudie siku nyingine ili kuthibitisha. Usikwepe siku hiyo nyingine.

Lakini sukari isibebeshwe kila lawama. Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi ya namna hiyo hiyo, na metformini, dawa ya kisukari tunayoijua sote, inaweza kupunguza B12 ikitumiwa kwa miaka. Pombe nayo ina mkono. Virusi vya Ukimwi pia. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza vitamini B6 mwilini. Ndiyo maana mgonjwa hupewa na vidonge vya B6, ambavyo baadhi huviacha wakidhani ni vya mapambo. Na ganzi ikiwa kwenye baka moja la ngozi lililofifia rangi, mwambie daktari hivyo hivyo. Ukoma haujatoweka duniani, na unapona kwa vidonge.

Ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mkono na mguu pamoja, au mdomo ukienda upande, hiyo ichukulie kuwa kiharusi na uondoke saa hiyo hiyo.

3. Karai la maji moto lipite kwanza kwenye kiwiko

Julai ya Loresho ni baridi ya kung'ata, na dawa yetu ni ile ile tangu enzi za shosho: karai, maji ya moto, chumvi, miguu ndani. Kwa mwenye ganzi, karai hilo ni sufuria. Anaingiza miguu, anahisi vuguvugu tamu, kumbe ngozi inaiva. Asubuhi anaamka na malengelenge na hajui yametoka wapi.

Pima maji kwa kiwiko, kama unavyompimia mtoto mchanga. Chupa ya maji moto kitandani na miguu mbele ya jiko la makaa zina hatari ile ile. Soksi nene zisizobana zinatosha, na hazijawahi kumchoma mtu.

4. Ogopa kidonda kisichouma

Kidonda kinachouma kina wema wake: kitakusumbua mpaka utafute dawa. Kisichouma utakikanyaga wiki nzima.

Tazama sugu. Ni ngozi iliyonenepa kwa kusuguliwa, na chini yake nyama laini inaweza kuchanika na kuoza huku juu pakionekana pagumu kama gome. Doa jeusi ndani ya sugu, au alama ya majimaji kwenye soksi, ni kidonda. Ndiyo sababu wenye kisukari huambiwa wavae soksi nyeupe: zinasema ukweli. Usiikate sugu kwa wembe, wala usipake ile dawa ya dukani ya kuondoa sugu. Ina asidi, na asidi haijui mpaka kati ya sugu na nyama. Majivu na dawa ya meno sizitaji. Funika kidonda kwa kitambaa safi, punguza kuukanyagia mguu huo, na ufike kliniki leo au kesho. Wiki ijayo ni mbali. Watu hukatwa miguu kwa vidonda vilivyoanza na ukubwa wa punje ya mahindi.

Mwenye kisukari akiona mguu mmoja umevimba na una joto kuliko mwenzake, bila kidonda na bila maumivu ya maana, asipakwe mafuta ya kuchua. Huenda mifupa midogo inavunjika humo ndani, na ganzi imeziba kelele. Aache kuukanyaga na aende akapigwe picha.

Na kwa kuwa vidonda vingi huanzia kiatuni: kiatu cha mitumba kimeshazoea mguu wa mwenyewe wa kwanza. Jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za mchana, kanyaga karatasi ngumu, chora mzingo wake, kata, uende na karatasi hiyo soko la Kangemi au la Toi. Iingize kwenye kiatu. Ikijikunja, hata vidole vyako vitajikunja. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

5. Bonyeza, hesabu kumi, tazama shimo

Weka dole gumba juu ya mfupa wa muundi, karibu na kifundo, ubonyeze ukihesabu polepole mpaka kumi. Achia. Likibaki shimo kama la kidole kwenye unga wa chapati, hayo ni maji.

Soja aliyesimama usiku kucha huvimba vifundo, na abiria wa basi la usiku la Mombasa vilevile. Uvimbe huo hushuka ukiinua miguu ukalala. Usiposhuka, sikiliza sehemu nyingine za mwili. Ukihitaji mito mitatu ndipo upumue, au ukiamka usiku unahema, shuku moyo. Uso ukivimba asubuhi na mkojo ukawa na povu lisiloisha, shuku figo. Tumbo likijaa na macho yakawa manjano, shuku ini. Na ikiwa unameza amlodipini kwa ajili ya presha, dawa yenyewe inaweza kuvimbisha vifundo. Mwambie aliyekuandikia akubadilishie, lakini usiiache kivyako.

Hayo ni ya miguu miwili. Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikauma na kuwa na joto, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji, kulazwa au kujifungua, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Tafadhali usimwite mtu wa kukukanda. Donge hilo likichomoka hupanda hadi mapafuni. Ukianza kuhema au kuumwa kifua, hiyo ni dharura, na teksi ni bora kuliko kungoja matatu ijae.

Mama mjamzito: kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Lakini uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikauma bila kuachilia, macho yakaona vimulimuli, au ukaumwa chini ya mbavu za kulia, ondoka usiku huo huo. Kifafa cha mimba hakifuati tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

6. Kidole gumba kinachowaka saa tisa za usiku

Jumamosi ilikuwa ya nyama choma, matumbo na bia. Saa tisa za usiku kidole gumba cha mguu kinawaka moto, kimevimba, na shuka likikigusa unataka kulia. Hiyo ni jongo, ambayo wengi huiita gauti: asidi ya yuriki imezidi kwenye damu na kujenga chembe zenye ncha kama sindano ndani ya kiungo. Wanasema ni ugonjwa wa matajiri, na wenye magari makubwa wa mtaa huu hupenda sana mzaha huo. Figo iliyochoka haiulizi mshahara.

Jongo mara nyingi hufuatana na presha, kisukari na udhaifu wa figo, kwa hiyo usitulize maumivu ukaishia hapo. Omba upimwe figo. Baadhi ya dawa za presha, zile za kukukojoza, hupandisha asidi hiyo. Tena ujue kwamba kipimo kikichukuliwa siku ya maumivu kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida. Rudia baada ya wiki chache. Ukiwa na homa pamoja na kiungo kinachowaka, usiseme ni jongo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, na huo hausubiri.

7. Kigimbi kinachogoma pale pale

Mtu mmoja niliyekuwa nikitembea naye asubuhi Loresho Ridge alikuwa na mti wake. Kila tukifika kwenye mti huo alisimama kufunga kamba za viatu. Ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba kamba hazikuwa zimefunguka.

Misuli ikichoka kwa kukosa mazoezi, uchovu huja popote. Mishipa ya damu ikiwa imeziba, kigimbi hukaza baada ya umbali ule ule kila siku, na kuachia baada ya kusimama dakika chache. Tafuta wenzake: mguu baridi kuliko mwingine, ngozi inayong'aa, vidole vilivyopoteza vinywele, kidonda cha kidoleni kisichopona. Walio mbali zaidi huumwa usiku kitandani na kupata nafuu wakining'iniza mguu chini. Sigara na kisukari ndio waharibifu wakubwa hapa.

Mshipa ulioziba mguuni haujaziba peke yake. Ile ya moyo na ya ubongo ni ndugu zake, imekunywa damu ile ile. Kwa hiyo anayekwenda hospitali kwa ajili ya kigimbi anaweza kujikuta ameokoa moyo. Mguu ukibadilika ghafla, ukawa baridi, umepauka na unauma vibaya, una saa chache tu za kuokolewa.

8. Ukucha mmoja mweusi

Bob Marley alikuwa na jeraha kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, na kwa muda lilidhaniwa ni la mpira, maana soka aliipenda. Mwaka 1977 ikajulikana kuwa ni melanoma, saratani ya ngozi, iliyokuwa chini ya ukucha. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Watu weusi tumezoea kuambiwa saratani ya ngozi si yetu. Aina hii huota nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki sana, na ndiyo tunayoipata sisi kuliko melanoma nyingine. Usitishike kwa kila mstari: vistari vya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa ngozi yetu. Angalia mstari ulio kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka, au weusi unaomwagikia ngozi ya pembeni. Angalia pia doa jipya unyayoni ambalo halina mzingo mzuri.

Ukigonga kidole, damu huvilia chini ya ukucha na kufanana na hayo. Piga picha leo, nyingine baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi miwili. Kucha za miguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, na damu husafiri nazo kwenda mbele. Doa likisogea, ni damu. Likikaa pale pale, tafuta daktari wa ngozi. Hiyo ndiyo sababu ya kutoa rangi, na dada anayekutengeneza kucha mwambie akuonyeshe anachokiona kabla hajapaka nyingine.

Ukucha uliobonyea kama kijiko huashiria upungufu wa madini ya chuma. Kucha nene za manjano kwa kawaida ni fangasi tu, ila fangasi wasiokoma wanakuomba upime sukari.

9. Magaga na baridi

Hapa tusikuze mambo. Magaga mengi huletwa na slipa, vumbi na kukosa mafuta. Paka vaselini usiku, vaa soksi, lala, ila usipake katikati ya vidole maana huko unyevu huleta fangasi. Miguu baridi mwezi wa Julai ni Julai. Lakini ngozi ikikauka mwili mzima, ukahisi baridi wakati wenzako wamevua sweta, ukanenepa na kuchoka bila sababu, omba upimwe tezi ya shingo. Baridi pamoja na kupauka kwa viganja na kuhema kwenye ngazi, pima wingi wa damu.

10. Fungua kamba kabla hujaitwa

Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Usipomwonyesha miguu hataiona. Ukiwa bado kwenye benchi, fungua kamba. Ukiingia, sema: "Daktari, naomba uniangalie miguu," uvue soksi zote mbili, hata kama tatizo ni moja. Beba dawa zako zote mfukoni, na zile picha kwenye simu. Si lazima uanzie hospitali kubwa ya mjini. Kituo cha afya cha umma cha Kangemi kiko jirani, na mahali pa kuanzia ni padogo tu: sukari, presha, mkojo.

Mzee wetu sasa anatumia dawa, na sukari imeshuka, ingawa ganzi haijarudi nyuma sana. Kila jioni saa kumi na mbili, kabla ya kuanza zamu, huingiza mkono ndani ya kila gambuti na kupapasa hadi kwenye ncha. Juzi alitoa kizibo cha soda. Alikiweka kiganjani, tukakitazama wote wawili chini ya taa ya geti.

"Mama, hiki kimekaa humu tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, akavua soksi nyeupe, akaniinulia unyayo nimulikie kwa simu.